Chuma Alichokitoa Ndyamukama

Bugene, Jumapili, 12 Oktoba 1997

Wifi Placidia, shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Barua yako ilifika maharage yakiwa ndiyo kwanza yanachungulia udongoni. Sasa tumeshayapalilia na mimi leo ndipo nafungua daftari. Therese anaota meno, Protase ana kikohozi, na mvua hii hainipi nafasi hata ya kukausha nepi. Kwenye redio waliiita elinino wakasema itazidi, kisha redio yenyewe ikafa.

Uliniomba niandike kila mara mama yako anaposhikwa na kifua: alikuwa anafanya nini, maumivu yalikwenda wapi, yaliachia lini. Ulisema huko Ujerumani yuko profesa anayetafuta kina mama wanaoumwa moyo na vipimo vya kawaida havioni kitu, na mama akija Januari ataingizwa kwenye mashine ya sumaku inayopiga picha ya nyama ya moyo. Nitaandika. Ila wewe si mgeni kwetu, kwa hiyo nitaandika na ukweli. Ukweli ni kwamba simwamini mama mkwe wangu.

Usikasirike. Daktari Mutalemwa alimlaza kitandani akamfunga waya za kupima moyo, akatoa karatasi yenye mistari mizuri kabisa. Picha ya kifua ikatoka safi. Presha ikawa juu kidogo tu, kama ya watu wengi. Tuliporudi nyumbani alikula ndizi na maharage akamaliza bakuli. Asubuhi yake ilikuwa siku ya kubeba maji, na kifua kikarudi.

15 Oktoba

Hajashikwa. Mvua. Hakuna aliyetoka.

17 Oktoba

Ameshikwa akipanda kutoka kisimani. Aliweka ndoo chini kwenye kona ya migomba ya kibanja cha Mukashema, akakaa juu ya mizizi. Mukashema ndiye aliyeniita. Unamkumbuka, yule jirani yetu mwenye asili ya Rwanda anayelima vibarua. Mama alisema kifua kimebanwa kama mtu amekikalia, na taya la kushoto linauma. Nikamuuliza taya linahusikaje na moyo. Akasema, "Unaniuliza mimi? Uulize moyo wenyewe." Kiliachia alipokwisha kupumzika. Ndoo niliibeba mimi, na Therese mgongoni.

20 Oktoba

Kanisani jana alisimama wimbo mzima bila shida. Nimeandika tu.

24 Oktoba

Ameshikwa kwenye palizi ya pili. Mistari miwili tu ya maharage. Iliyobaki nimepalilia mimi. Melkiory alikuta nimekaa nimenyoosha miguu, akauliza kwa nini mama yake analimishwa wakati mimi nimepumzika. Mume wangu ni mtu mwema, lakini akimtazama mama yake anakuwa na miaka minne.

Nimeanza kuandika pembeni ya daftari ni kazi gani inayomshika. Maji, jembe, kupanda kilima, baridi ya asubuhi. Pombe haimshiki. Maongezi hayamshiki. Nitaendelea kuangalia.

29 Oktoba

Leo nimejua kwamba mama naye ananishuku mimi. Hali chakula changu. Nilidhani ni kukosa hamu, kumbe anakwenda kula kwa Mukashema. Mukashema mwenyewe ameniambia kwa aibu, akiwa ananirudishia bakuli. Mama amemwambia kwamba kifua hiki kilianza mwaka niliozaa Therese, na kabla ya hapo alikuwa mzima. Hakusema zaidi. Nimeelewa: mama anadhani namtilia kitu kwenye chakula.

Wifi, nililia kidogo jikoni. Halafu nikaosha uso. Unajua desturi yetu: anayekukaribisha pombe huinywa yeye kwanza, mgeni aone haina sumu. Jioni nilipakua ndizi, nikaweka bakuli lake mbele ya watoto wote, nikachota kijiko nikala, nikameza, nikafungua mdomo aone. Nikamwambia, "Mama, kula. Kuanzia leo nitaonja kila siku mpaka uchoke kuniangalia."

Melkiory alitazama ukutani. Mama alikula.

30 Oktoba

Nimeonja. Amekula. Hajashikwa.

2 Novemba

Nimeonja. Ameshikwa asubuhi akichambua majani makavu kwenye migomba. Mvua ya mawe imevunja migomba ya upande wa barabara.

9 Novemba

Nina jambo la kukuandikia.

Senene wameanguka tangu juzi. Leo alfajiri tulitoka wote na makopo, na ukungu ulikuwa mzito. Mama yeye hali senene, anashika ya zamani kwamba ni chakula cha waume, lakini kuwaokota panzi hao anapenda kuliko msichana. Nilipojaza kopo langu nikarudi kibanjani kupitia njia ya nyuma kumnyonyesha Therese, nikamwona mama, nikasimama nyuma ya shina la mgomba. Hakujua nipo.

Alikuwa peke yake. Alikuwa anapanda kale kamwinuko ka kutokea bondeni. Akasimama. Mkono mmoja ukashika taya, mwingine ukashika mgomba. Uso ukawa wa kijivu na jasho likamtoka kwa baridi ile. Nikangoja aanze kugumia, maana nyumbani hugumia. Hakutoa sauti. Alitazama kule nyumbani kama mtu anayeangalia kama kuna anayemwona, akaona hakuna, akainamisha paji la uso kwenye mgomba na kukaa hivyo. Kilipoachia alijipangusa jasho kwa khanga, akajiweka sawa, akaokota kopo lake. Alipofika uani akasema kwa sauti ya kawaida kwamba senene wa mwaka huu ni wanene.

Mtu anayejisingizia haumwi pasipo watazamaji. Mama yako anaumwa, wifi. Amekuwa akituficha nusu ya maumivu, na mimi nimekuwa nikihesabu hata ile nusu nyingine kuwa ni uvivu.

Sijamwambia nilichoona. Maji nabeba mimi sasa, na nimemwomba Mukashema anisaidie jembe.

10 Novemba

Nimeonja. Amekula. Aliniuliza kwa nini leo sijanuna.

19 Novemba

Barua yako ya pili imefika imelowa. Melkiory aliisoma kwa sauti, na mama akatuomba turudie pale penye mashine.

Umeeleza vizuri. Kwamba mishipa mikubwa ya moyo inaweza kuwa mizima, ila ile midogo kama nyuzi za mizizi ya mgomba inakaza, damu haiifikii nyama. Kwamba akipimwa amelala waya hazioni kitu kwa sababu moyo umepumzika hauna deni na mtu. Kwamba huko atalazwa ndani ya pipa la sumaku, atachomwa dawa ya kuufanya moyo udhani anapanda kilima na ndoo, kisha dawa nyingine inayong'aa. Damu ikifika, nyama inang'aa. Isipofika, inabaki nyeusi, na profesa anaona ni wapi.

Mama alisema, "Basi hilo pipa litasema nisichoweza kusema mimi."

Mimi kama kawaida yangu nikauliza kwa nini watu wasiotujua wamgharimie. Baba yangu kule Igurwa alikuwa akisema, akuchinjiaye kuku bila sherehe mwulize anataka nini kwako. Melkiory akaniambia nina roho ya kushuku hata jua likichomoza. Labda. Lakini na wewe nilikushuku, wifi. Nilidhani unamchukua moja kwa moja.

23 Novemba

Silali vizuri kwa sababu ya mstari mmoja kwenye barua yako. Umeandika kwamba pale kwenye mashine hata pini ya nywele huruka kama nzi, na waliokuuliza kama mama ana chuma mwilini umewajibu hana, "kwa sababu kile cha vita Ndyamukama alikitoa, sote tuliona."

Mimi sikuona. Mimi sikuwa wa nyumba hii.

Nimemwomba mama anisimulie. Amesimulia kwa furaha, unajua anavyopenda habari hiyo. Mwaka wa sabini na nane mlikuwa kwa shangazi yenu Kyaka mabomu yalipoanza. Wewe ulikimbia umeshika khanga yake, Melkiory alikuwa mgongoni. Kitu kikamchoma juu ya paja, karibu na nyonga. Alitembea nacho mpaka mkapata lori. Hospitali zilikuwa zimejaa wanajeshi, akafungwa bandeji akarudi nyumbani. Kidonda kilipofunga mguu ukabaki unauma, ndipo akapelekwa Rugu kwa mganga, mzee Ndyamukama. Akachanjwa, akawekewa pembe, mzee akanyonya, pembe ilipoachia pakadondoka damu na kipande cha chuma kwenye ungo. Wote mkashangilia. Mama akakitunza.

Alinionyesha. Kimo ndani ya kopo la maziwa juu ya kabati, kimefungwa kitambaa. Kidogo kama jino la mtoto.

Wifi, mimi nilikuwa na shangazi Igurwa aliyetolewa miiba tumboni kwa pembe. Nilikuwa mdogo, nimekaa chini, na macho ya mtoto yako chini. Nilimwona mganga akijipangusa mdomo kabla ya kunyonya, na mwiba ukiingia kinywani. Nilisema nilichoona nikachapwa. Tangu siku ile nashuku, Melkiory asidhani nilianza kwake.

24 Novemba

Nimeonja. Amekula. Sijasema kitu. Barabara ya Bukoba imekatika, magari yanalala njiani.

30 Novemba

Ile redio iliyokufa Melkiory aliifungua wiki iliyopita akakosa la kufanya, akampa Protase spika achezee. Nyuma ya spika kuna sumaku. Mtoto anazunguka nayo uani akiokota misumari.

Leo Melkiory alipokwenda kanisani nilimwita mama tukae naye jikoni. Nikamwomba kopo. Nikaweka msumari mbele ya sumaku, ukaruka ukashika. Nikaweka sindano, ikashika. Nikaweka kile kipande. Kikatulia. Nikakisogeza, nikakigeuza. Sumaku ilipita juu yake kama inapita juu ya punje ya mahindi.

Mama akakichukua akakiuma kwa meno ya mbele. Akasema, "Hii ni sufuria."

Kweli, wifi. Ni kipande cha sufuria kilichokunjwa. Jeshi gani linapiga watu mabomu ya sufuria?

Nikamwambia, mama, kama hiki siyo, basi chenyewe kiko wapi? Akajipapasa nyonga bila kujua kwamba anajipapasa.

1 Desemba

Nimemwambia Melkiory. Nilijua hatafurahi, lakini sikujua kiasi. Alisema sote tuliona, na dada aliona, na aliyeona haulizwi na asiyekuwapo. Alisema safari imebaki kidogo, pasipoti imetoka, mimi natafuta sababu ya kumzuia mama asipate nafuu. Akamaliza na neno: "Ulipodhani anajisingizia hukutaka aende. Sasa umejua anaumwa, bado hutaki aende. Unataka nini, Adelgunda?"

Nilimjibu nataka picha ya paja. Picha moja tu. Ikiwa safi, mimi mwenyewe nitambebea mzigo mpaka penye gari na kumpigia magoti Ndyamukama.

Nimeonja. Mama amekula kidogo.

3 Desemba

Ameshikwa bila kazi yoyote, amekaa tu, baada ya Melkiory kupaza sauti. Kimechelewa kuachia. Naandika hili ili profesa ajue kwamba hata hasira ni kilima.

4 Desemba

Mukashema amekuja kunisuta kwa upole. Watu kisimani wanasema nina wivu kwamba mkwe wangu anapanda ndege. Nikamwambia wanibebee basi ndoo, kisha waseme.

5 Desemba

Mvua.

8 Desemba

Tumekwenda. Mama ndiye aliyeamua, si mimi wala Melkiory. Asubuhi alijifunga khanga mbili akasema anakwenda hospitali kupigwa picha ya mguu, anayetaka amfuate. Melkiory akatoa baiskeli. Mama akakaa nyuma, yeye akasukuma, mimi na Therese tukafuata kwenye tope. Palipoinuka tulisimama kila mara, na safari hii hakuna aliyeuliza kwa nini.

Daktari Mutalemwa alituangalia kama watu waliopotea. Mwenye kifua anataka picha ya paja? Nikamweleza: vita, pembe, sufuria, sumaku. Hakucheka, namshukuru. Alisema yeye alipiga kifua tu kwa sababu ndicho kilichouma, na swali la chuma aliuliza, mama akajibu kilishatoka. Mama akasema, "Nilijibu nilichojua, daktari."

Tuliketi kwenye benchi kungoja picha ikauke. Mama akaegemea bega langu. Alinong'ona kwamba kama kipo, Ndyamukama asiambiwe, ni mzee sasa na macho hayaoni. Nikamwuliza hana hasira? Akasema, "Alinitoa maumivu. Chuma alikisahau."

Daktari alitoka ameishika picha juu kwenye mwanga wa dirisha. Huhitaji kusoma udaktari. Mfupa ni mweupe, nyama kama moshi, na pale ndani ya nyonga kuna kitu cheupe kuliko mfupa, chenye ncha tatu, kama kipande cha jembe. Mshipa mkubwa wa damu wa mguu unapita hapo hapo, akatuonyesha kwa kalamu. Alisema kimekaa kimya miaka yote kwa sababu hakuna aliyekiita. Ile sumaku ingekiita.

Melkiory alikaa chini, kwenye sakafu, mbele za wagonjwa. Alikuwa mgongoni mwa mama siku kile chuma kilipoingia. Nadhani hakuwahi kufikiria kwamba kingepanda kidogo tu, kingemkuta yeye.

Nilimpa Therese ambebe.

10 Desemba

Ofisi ya kanisa imekutumia faksi, na maelezo ya daktari. Utakuwa umeshaona. Pole, wifi. Najua ulimwona ndani ya uwanja wa ndege tayari.

13 Desemba

Hajashikwa. Amekaa mlangoni akichambua maharage.

17 Desemba

Jibu limefika. Profesa anasema mama asisogezwe karibu na mashine ile kabisa, na kukitoa chuma pale karibu na mshipa ni hatari kuliko kukiacha. Lakini ameomba Daktari Mutalemwa amsomee daftari hili, siku anazoshikwa na siku asizoshikwa. Nilikaa ofisini nikasoma, na daktari akawa anaandika kwa Kiingereza. Zile kurasa nilizokuwa ninamshuku niliziruka, kisha nikaona haya nikazirudia. Daktari akasema hizo ndizo zilizomsaidia zaidi, kwa sababu mwenye kushuku huandika hata kisichomfurahisha.

Wamekubaliana, yeye na profesa wako, watamtibu kama mwenye ugonjwa wa mishipa midogo ya moyo hata bila picha. Ameanza vidonge. Ameambiwa atembee kila siku kidogo kidogo, asibebe ndoo, asisimame kwenye baridi akiwa hajajifunika.

25 Desemba

Heri ya Noeli. Alitembea mpaka kanisani kwa miguu. Alisimama mara moja.

30 Desemba

Jana nilirudi kutoka shambani nimechelewa na njaa inaniuma. Mama alikuwa amepika, kwa mara ya kwanza tangu Agosti. Nikakaa, nikanyoosha mkono kuchukua kijiko chake nionje kama kawaida. Akaniondolea mkono. Akachota kwenye bakuli langu, akala yeye, akameza, akafungua mdomo nione. Melkiory alicheka mpaka Therese akaanza kulia.

Jumapili, 4 Januari 1998

Barabara imefunguka na kuna mtu anakwenda Bukoba kesho, kwa hiyo nafunga daftari hili nimpe. Mama anakusalimu. Anasema usilie kwa ajili ya safari, ndege zitakuwepo. Kopo bado liko juu ya kabati. Nilitaka kulitupa, akasema ni lake.

Tunavyohitaji bado, kwa mpangilio wa haraka yake:

Vidonge vya atenolol, vile vile alivyoandika Daktari Mutalemwa kwenye karatasi niliyobana hapa. Kwetu vinakwisha kila mara, na ameonya visikatizwe ghafla.

Ile dawa ya kupuliza chini ya ulimi. Profesa alisema kwa ugonjwa huu inaweza kusaidia au isisaidie. Tutajaribu, nitaandika.

Kipimo cha presha cha kufunga mkononi. Mukashema anataka kujifunza kukitumia.

Sweta zito la mama, lisilo na zipu. Sasa hataki chuma kimkaribie.

Soksi za Protase. Si lazima.

Na jambo moja ambalo sijui kama linaruhusiwa. Mwombe profesa picha moja kutoka kwenye ile mashine, ya moyo wa mama yeyote mwenye ugonjwa huu. Wafute jina lake. Iwe ile yenye weusi mahali damu haikufika. Ya mama yetu hatutaipata kamwe, lakini nataka Melkiory aitundike sebuleni, na wanaokuja kutoka kisimani waione wakinywa pombe yetu.

Itume kwa ajili yao. Mimi sihitaji picha, nilimwona mgombani.

Wako,
Adelgunda